Mkopo wa kununua kiwanja kitupu: hatua za kufuata mpaka hati iwe mkononi

Ukiomba mkopo wa kununua nyumba, afisa mikopo anachukua fomu na kuanza kujaza. Ukimwambia unataka kununua kiwanja kitupu, anaweka kalamu chini kwanza: "Utakifanyia nini, na lini?" Lichukulie swali hilo kwa uzito, maana hapo ndipo panapoamuliwa kama utakopeshwa, kiasi gani na kwa riba ipi.

Ukikaa kwenye kiti chake utamwelewa. Mtu akibanwa na maisha hujinyima mengi ili asifukuzwe kwenye nyumba anayolala na watoto wake, lakini kiwanja chenye majani atakiacha kiende. Kiwanja hakina mpangaji, kwa hiyo hakiwezi kujilipia deni lake. Na siku benki ikilazimika kukiuza, wanunuzi huwa wachache na kila mmoja ana bei yake kichwani. Ndiyo maana masharti yake ni makali kuliko ya nyumba: unapewa sehemu ndogo ya bei, unalipa kwa miaka michache, na riba iko juu. Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1993 wasimamizi wa mabenki wameweka ukomo wa mkopo kuwa asilimia 65 ya thamani kwa ardhi ghafi, asilimia 75 kwa ardhi inayowekewa miundombinu, na asilimia 85 kwa mali iliyokwisha kuendelezwa. Benki nyingi hutoa chini ya hapo kwa hiari yao.

Kazi yako basi, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kukifanya kiwanja kisionekane kitupu kwenye makaratasi. Sheria za ardhi na majina ya ofisi hutofautiana nchi na nchi, ila mtiririko wa mambo hautofautiani sana.

Hatua ya 1: Jua ni ardhi ya namna gani

Wakopeshaji huipanga ardhi kwa ngazi. Chini kabisa kuna ardhi ghafi: haijapimwa, haina barabara, maji wala umeme, na pengine umiliki wake unathibitishwa kwa maneno ya majirani tu. Inafuata ardhi iliyopimwa na yenye hati, lakini huduma ziko mbali. Juu kabisa ni kiwanja chenye hati, barabara inayofika, maji na umeme mpakani, kiasi kwamba fundi anaweza kuanza kuchimba msingi kesho. Kila ngazi unayopanda, kianzio, yaani fedha yako mwenyewe unayotakiwa kuwa nayo, hupungua na wakopeshaji walio tayari kukusikiliza huongezeka.

Ardhi isiyo na hati ina kasoro ambayo bei ndogo haiwezi kuifidia. Rehani husajiliwa juu ya hati, na pasipo hati benki haina mahali pa kuandika dai lake. Ukikipenda kiwanja cha namna hiyo, mtake muuzaji akamilishe upimaji na umilikishaji kwanza, hata kama ataongeza bei kidogo. Ahadi ya "hati tutaishughulikia ukishanunua" maana yake ni kwamba usumbufu wote, pamoja na gharama zake, umehamia kwako.

Tazama pia matumizi yaliyoidhinishwa. Shamba lililokatwakatwa na kutangazwa kama viwanja vya makazi bado ni shamba mbele ya benki mpaka mamlaka ya mipango ibadilishe matumizi yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu yote, si ya kianzio tu

Tuchukue kiwanja cha bei 1,000,000, kwa fedha yoyote ile. Mkopeshaji anasema yeye hutoa asilimia 60. Wengi hapo hapo hujiambia: nikiwa na 400,000 nimemaliza. Subiri kwanza. Asilimia hiyo hukokotolewa kwenye kiasi kilicho kidogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani atakayoiandika mthamini. Mthamini akiandika 900,000, mkopo unakuwa 540,000 na wewe unatakiwa kuwa na 460,000. Pengo la 60,000 linajitokeza wiki za mwisho, wakati muuzaji ameshakaa mkao wa kula.

Juu ya kianzio kuna gharama nyingine: mthamini, mwanasheria, ada na kodi za kuhamisha umiliki, usajili wa rehani, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, na mara nyingi bima ya maisha ya mkopaji. Kwa kawaida hizi unazilipa mfukoni mwako. Uliza kila moja ni kiasi gani na inalipwa lini, uandike kwenye karatasi moja, na ujumlishe kabla hujamwahidi mtu chochote.

Halafu kuna rejesho. Mkopo wa 600,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua (yaani deni lililobaki tu), ukilipwa kwa miaka 5 unakuwa na rejesho la takriban 13,347 kwa mwezi. Jumla utakayorudisha ni kama 800,800. Ukiunyoosha hadi miaka 10, rejesho linashuka hadi 8,608, lakini jumla inapanda hadi karibu 1,033,000. Umepata unafuu wa kama 4,700 kwa mwezi, na riba imeruka kutoka takriban 200,800 hadi 433,000. Sisemi miaka 10 ni kosa; kuna watu ambao hilo rejesho kubwa lingewavunja. Ila ujue unanunua nini kwa huo muda.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kiwanja hakikuondolei kodi ya pango. Anayenunua nyumba huacha kulipa kodi siku anapohamia. Wewe utalipa kodi, utalipa rejesho, na baadaye utalipa ujenzi, mara nyingi vyote kwa wakati mmoja. Wakopeshaji wengi hawapendi kuona marejesho ya madeni yote yakizidi kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya kipato chako. Kwa kiwanja, mimi ningekaa chini ya theluthi. Njia nzuri ya kujipima ni kuanza kuliweka pembeni rejesho hilo kila mwezi kabla hujakopa, tena kwenye akaunti usiyoigusa. Ukifika mwezi wa 3 umeanza kuichokoa akaunti hiyo, umeshapata jibu bila kudaiwa na mtu. Ukivumilia, fedha hizo zinaongeza kianzio.

Hatua ya 3: Safisha rekodi yako ya mikopo

Omba taarifa yako kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, usome kila mstari. Madeni yaliyolipwa lakini bado yanaonekana hai, mikopo midogo ya simu iliyosahaulika, dhamana uliyomwekea rafiki: vyote hivi huonekana. Marekebisho huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo yaanze sasa. Na usichukue mkopo mwingine wowote mpaka huu wa kiwanja utoke.

Hatua ya 4: Zungukia wakopeshaji kabla hujampigia dalali

Kuna benki ambazo hazikopeshi kabisa kwa ajili ya ardhi tupu, na hazitangazi hilo. Ni afadhali ulijue kwa swali moja la simu kuliko baada ya kulipa ada ya maombi. Uliza: mnakopeshea kiwanja kitupu, au lazima kiende pamoja na ujenzi? Mnatoa asilimia ngapi ya thamani? Kwa miaka mingapi? Mna ukomo wa ukubwa wa eneo? Mnanipa muda gani wa kuanza kujenga?

Swali la kwanza ndilo lenye faida kubwa. Benki nyingi zinazokikataa kiwanja peke yake hukikubali kikiwa sehemu ya mkopo wa ujenzi: fungu la kwanza linanunua ardhi, yanayofuata yanatoka kwa awamu kadiri msingi, kuta na paa vinavyokamilika na kukaguliwa. Kama una nia ya kujenga ndani ya mwaka mmoja au miwili, njia hii karibu kila mara ni nafuu kuliko kukopa mara mbili. Ada za kisheria, usajili na uthamini unazilipa mara moja.

Chama cha akiba na mikopo ulichokaa nacho miaka kinaweza kukupa mkopo kwa nguvu ya akiba yako na wadhamini wako, bila kukisumbukia sana kiwanja. Kiasi huwa kidogo, lakini kwa kiwanja cha kawaida huenda kikatosha, na masharti yake ni rahisi kueleweka.

Wauzaji wengine hukubali kulipwa kwa awamu. Inavutia, maana hakuna benki wala makaratasi mengi. Hatari yake ni kwamba mara nyingi hati inabaki kwa jina la muuzaji mpaka umalize, na katikati ya safari anaweza kuiweka rehani, kufariki au kuuza tena. Ukiifuata njia hii, mwanasheria wako asajili pingamizi kwenye masjala ya ardhi, ofisi inayotunza kumbukumbu za umiliki, ili dai lako lionekane kwa yeyote atakayepekua. Na usome kifungu cha kuchelewa kulipa. Mikataba mingine inasema ukikosa awamu chache unapoteza kiwanja na kila ulicholipa. Huo si mkataba wa kusaini.

Anayekwepa riba kwa sababu za dini anaweza kutafuta taasisi zinazotumia murabaha, ambapo taasisi inanunua mali na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, au musharaka inayopungua, ambapo mnamiliki kwa ubia na wewe unanunua sehemu yao kidogo kidogo. Hapa pia linganisha jumla utakayotoa mpaka mwisho.

Iko pia njia ya kuweka rehani nyumba unayoishi ili ununue kiwanja. Riba yake huwa chini kwa sababu dhamana ni nzuri. Kwa mtu anayeanza kujenga mwezi ujao naielewa. Kwa anayetaka tu "kushika ardhi" ikipanda bei auze, sioni busara ya kuitia kitanzi paa linalomfunika.

Hatua ya 5: Kikague kiwanja, karatasini na ardhini

Hapa usiwe na haraka. Fanya upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia mwanasheria wako. Karatasi ya upekuzi aliyokuletea muuzaji au dalali, hata ikiwa na mhuri, isome kama tangazo la biashara. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe ni lile lililoko masjala.

Matokeo ya upekuzi yasome polepole. Jina la mmiliki lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba na ukubwa vifanane na hati na ramani. Kama ni umiliki wa kipindi maalumu, tazama miaka iliyobaki. Benki hutaka kipindi hicho kizidi sana muda wa mkopo, na umiliki unaokaribia kwisha utakukwamisha. Kisha nenda kwenye sehemu ya mizigo iliyosajiliwa. Humo ndimo zinamoandikwa rehani za zamani, amri za mahakama, pingamizi za ndugu na haki za watu wengine kupita. Rehani ya zamani haimaanishi ukimbie, inaweza kulipwa kutokana na fedha zako siku ya mauzo. Amri ya mahakama ni habari nyingine. Ikiwapo, simamisha kila kitu mpaka iondolewe.

Uliza pia kuhusu mwenza wa ndoa na warithi. Katika nchi nyingi mume au mke lazima aridhie kwa maandishi. Ardhi ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kisheria, hata kama kaka mkubwa ndiye anayeheshimiwa na ukoo mzima. Benki itaulizia haya yote, na ni vyema uwe na majibu kabla yake. Mwisho, dai risiti za kodi ya ardhi mpaka mwaka huu.

Sasa nenda uwanjani na mpima ardhi mwenye leseni, mkiwa na nakala ya ramani ya upimaji. Tafuteni mawe ya mipaka moja moja. Mengine huwa yamefukiwa na udongo, mengine yameng'olewa na trekta, na mara chache jiwe huwa limehamishwa na mtu. Tuseme ramani inasema mita 30 kwa 40. Mnavuta utepe upande wa mbele, kutoka jiwe hadi ukuta wa jirani, mnapata mita 28.4. Jirani ameingia mita 1.6. Kwa urefu wa mita 40 hizo ni mita za mraba 64, eneo la kutosha chumba cha kulala, sebule na jiko. Ugomvi huo auamue muuzaji sasa, wakati bado anaitaka fedha yako. Ukishasaini, jirani huyo ni wako na ukuta ni wako.

Rudi siku nyingine baada ya mvua kubwa. Tazama maji yanapotuama, na yanapotoka kwa jirani wa juu yanapita wapi. Angalia alama za tope kwenye miti na kuta. Udongo mweusi unaonata mvuani na kupasuka kiangazi huvimba na kusinyaa, na msingi wa kawaida juu yake huleta nyufa, kwa hiyo bei rahisi ya kiwanja inaweza kumezwa na gharama za msingi. Kama hakuna mfereji wa majitaka wa umma, ardhi lazima iweze kunyonya maji ya shimo la choo. Kipimo chake cha awali ni rahisi: unachimba shimo, unalijaza maji mpaka udongo ushibe, unajaza tena na kupima maji yanashuka kwa kasi gani. Yasiposhuka, utahitaji mfumo wa gharama kubwa zaidi, na baadhi ya mamlaka hazitoi kibali cha ujenzi bila kuridhika na jambo hilo.

Halafu njia. Barabara uliyopita kuja hapo, imo kwenye ramani kama njia ya umma, au ni hisani ya mwenye shamba la mbele? Akibadilisha mawazo, utaingia kwako kwa njia gani? Kiwanja kisicho na haki ya njia iliyosajiliwa benki nyingi hukirudisha bila kusoma ukurasa wa pili. Hakikisha pia hakimo ndani ya hifadhi ya barabara, chini ya nyaya za umeme mkubwa, au kwenye ukanda wa mto usioruhusiwa kujengwa. Kuhusu umeme na maji, "vipo hapo karibu tu" ni maneno ya dalali. Omba makadirio ya kuunganishiwa kwa maandishi kutoka kwa watoa huduma wenyewe, maana hayo utayaweka kwenye faili la benki.

Hatua ya 6: Saini mkataba wenye mlango wa kutokea

Usilipe kianzio halafu ndipo uanze kutafuta mkopo. Mkataba wa mauziano useme wazi kwamba ununuzi unategemea kupatikana kwa mkopo kabla ya tarehe fulani, na kwamba usipopatikana unarudishiwa malipo yako ya awali. Tarehe hiyo iwe na nafasi ya kutosha. Uthamini, upekuzi wa benki na kamati ya mikopo havikimbizwi na mtu. Kiandikwe pia kifungu cha thamani: mthamini akishusha bei, mnajadiliana upya au kila mtu anashika njia yake. Malipo ya awali yakae kwenye akaunti ya mwanasheria, yasiingie mkononi mwa muuzaji, na kamwe yasipite kwa dalali.

Muuzaji anayekataa masharti haya yote kwa madai kwamba kuna mteja mwingine anayekuja na fedha taslimu kesho, mwache amuuzie huyo mteja.

Hatua ya 7: Andaa faili linalojibu swali la afisa mikopo

Vitambulisho, taarifa za benki za miezi 6 hadi 12, uthibitisho wa ajira na hati za mshahara, au hesabu za biashara na taarifa za kodi alizowasilisha kwa aliyejiajiri, nakala ya hati, upekuzi, ramani na mkataba wa mauziano: hivyo kila mwombaji anavyo. Kinacholitofautisha faili la kiwanja ni zile karatasi zinazoonyesha kitakachosimama juu yake.

Weka michoro ya nyumba, hata kama ni ya awali. Weka kibali cha ujenzi au uthibitisho kwamba umekiomba. Weka makadirio ya gharama yaliyosainiwa na mkadiriaji majenzi, ratiba ya awamu za ujenzi, na maelezo ya mahali fedha za kila awamu zitakapotoka. Ongeza yale makadirio ya umeme na maji na ripoti ya mpima. Juu kabisa weka barua ya ukurasa mmoja: nani ananunua, kiasi gani, ataanza kujenga lini na kwa fedha zipi. Faili linapofika kwenye kamati wewe hupo, barua hiyo ndiyo inayokusemea.

Usipange uongo. Ukiandika utaanza kujenga baada ya miezi 6 huku hujui hata fundi, sharti hilo linaweza kuingizwa kwenye mkataba na kukurudia na adhabu.

Hatua ya 8: Mthamini anapokuja

Mthamini huchaguliwa au huidhinishwa na benki, na wewe ndiye unayelipa. Ataangalia mauzo ya karibuni ya viwanja vinavyofanana, njia, huduma, mteremko na umbo la eneo. Ripoti yake mara nyingi huwa na takwimu mbili: thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Uliza benki inakokotoa mkopo kwa ipi, kwa sababu tofauti yake si ndogo. Kabla hajafika, fyeka majani ili mawe ya mipaka yaonekane, na umpe nakala za ramani na makadirio ya huduma. Kumpa "chai" ni kujiharibia.

Hatua ya 9: Soma barua ya ofa mstari kwa mstari

Barua ya benki yenye masharti ya mkopo ikija, furaha iweke kando kwa siku moja na uketi nayo ukiwa na kikokotoo. Anza na namna riba inavyohesabiwa. Riba ya asilimia 12 kwenye salio linalopungua na riba ya asilimia 12 kwenye mkopo wote wa mwanzo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ule mkopo wetu wa 600,000 kwa miaka 5, kwa njia ya pili, riba yake ni 72,000 kila mwaka, yaani 360,000, na rejesho ni 16,000 badala ya 13,347. Ukiugeuza uwe kwa hesabu ya salio linalopungua, umekopeshwa kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa hiyo unapolinganisha ofa mbili, acha asilimia na uulize: kila mwezi kiasi gani, kwa miezi mingapi, na ada zote zikijumlishwa ni ngapi?

Kama riba inabadilika, inafuata kipimo gani, inaweza kubadilika mara ngapi kwa mwaka, na ina dari? Jaribu kukokotoa rejesho lako riba ikipanda kwa pointi 3, tuseme kutoka asilimia 12 hadi 15. Kama hapo unashindwa kupumua, kopa kidogo zaidi.

Chunguza kama kuna malipo makubwa ya mwisho. Mikopo mingine ya ardhi huwa na marejesho madogo kwa miaka michache, kisha salio lote linadaiwa kwa mkupuo, kwa matumaini kwamba wakati huo utakuwa umepata mkopo wa ujenzi. Usipoupata, kiwanja kinauzwa.

Tafuta ada ya kulipa mapema. Tafuta tarehe ya mwisho ya kuanza ujenzi na adhabu yake. Na tafuta kwa makini kifungu kinachosema kiwanja hicho ni dhamana ya "madeni yote" unayodaiwa na benki hiyo, ya sasa na ya baadaye. Kwa kifungu hicho unaweza kumaliza mkopo wa kiwanja na bado ukanyimwa hati kwa sababu ya deni la kadi. Kinaweza kuondolewa ukiomba. Watu hawaombi tu.

Hatua ya 10: Siku ya kulipana

Fedha za mkopo hazipiti mikononi mwako. Benki hutoa hati ya ahadi ya kulipa, muuzaji hukabidhi hati ya umiliki, fomu za uhamisho zilizosainiwa na risiti za kodi, kisha masjala husajili uhamisho kwa jina lako na rehani ya benki mara tu baada yake. Usajili ukikamilika, muuzaji analipwa. Kama naye alikuwa na rehani, mkopeshaji wake hulipwa kwanza na yeye hupewa kinachobaki.

Mwombe mwanasheria arudie upekuzi asubuhi hiyo hiyo. Pingamizi linaweza kusajiliwa siku moja kabla ya malipo, na ule upekuzi wa miezi miwili iliyopita haulioni.

Ukishakipata

Weka alama kwamba kina mwenyewe: uzio hata wa waya, kibao, miti mpakani, mtu wa karibu anayekipitia. Kiwanja kilichoachwa ndicho kinachovamiwa, na mvamizi hakuondolei rejesho. Kodi ya ardhi lipa kwa wakati, kwa sababu kuichelewesha ni kuvunja sharti la mkopo pia.

Ukipata fedha za ziada na mkataba unaruhusu, zilipe kwenye deni la msingi (fedha uliyokopa, bila riba), tena kwa maelekezo ya maandishi, la sivyo benki inaweza kuzihesabu kama marejesho ya mbele na riba ikaendelea vile vile. Mambo yakienda kombo, mwone afisa mikopo kabla ya tarehe ya rejesho kupita. Mkopo usiochelewa unaweza kupangwa upya kwa urahisi kuliko uliochelewa miezi mitatu.

Siku utakapomaliza, barua ya "huna deni" haitoshi. Dai fomu ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki, isajiliwe masjala, kisha fanya upekuzi wa mwisho kuona sehemu ya mizigo imebaki wazi. Hapo ndipo uchukue hati yako na kuitia kabatini.